Kitabu kwanza, kisu baadaye: ulinganisho wa vitabu na vifaa vya kuanzia Wicca

Wicca ni dini mpya ya kipagani iliyojitokeza hadharani nchini Uingereza katikati ya karne ya 20, na anayetaka kuijua, ama kwa kuisoma ama kwa kuitenda, hukabiliwa na maswali mawili kwa mpigo: asome kitabu gani, na anunue vifaa gani. Wenye maduka hupenda swali la pili litangulie, kwa kuwa kisu chenye mpini mweusi, kikombe cha fedha na sanduku la mishumaa ya kila rangi vina faida kubwa kuliko kitabu cha jalada laini. Ulinganisho huu unafuata mpangilio wa kinyume. Kila kitabu cha mafunzo kina orodha yake ya vifaa, orodha hizo hazilingani, na mahali fulani zinapingana waziwazi, kiasi kwamba aliyetangulia kununua anaweza kujikuta na kisu ambacho kitabu chake kinakihusisha na moto ilhali muuzaji alimwambia ni cha hewa.

Sitalinganisha kila kilichochapishwa, maana ni vingi mno na vingi vinanakiliana. Nimechagua vinne ambavyo vingine vyote huvirejelea kwa njia moja au nyingine: Witchcraft for Tomorrow cha Doreen Valiente (1978), The Spiral Dance cha Starhawk (1979), Buckland's Complete Book of Witchcraft cha Raymond Buckland (1986) na Wicca: A Guide for the Solitary Practitioner cha Scott Cunningham (1988). Cha kwanza ni cha Mwingereza aliyebaki kwao. Viwili vya Starhawk na Cunningham ni vya Wamarekani. Na Buckland ni mzaliwa wa London aliyehamia Marekani mwaka 1962.

Huenda mtu akauliza kwa nini Gerald Gardner, ambaye ndiye chanzo, hayumo. Gardner, aliyewahi kuwa ofisa wa forodha huko Malaya, alisema kwamba aliingizwa katika kundi la wachawi (ndivyo wafuasi wa dini hii wanavyojiita) kwenye eneo la New Forest, Uingereza, mwaka 1939. Sheria ya Uchawi ya Uingereza ya mwaka 1735 ilipofutwa mwaka 1951, akapata nafasi ya kuandika bila kujificha, na mwaka 1954 akatoa Witchcraft Today. Kitabu hicho ni nyaraka muhimu ya historia, lakini si kitabu cha mafunzo: Gardner ameandika kama mtafiti anayeeleza mambo ya watu wengine, ameficha mengi kwa sababu ya kiapo, na ameegemea nadharia ya Margaret Murray, aliyemwandikia dibaji, kwamba wachawi walioteswa Ulaya walikuwa waumini wa dini ya kale iliyodumu kwa siri. Wanahistoria wameikataa nadharia hiyo. Anayekinunua akitarajia kuelekezwa namna ya kutenda atafika ukurasa wa mwisho bila kujua hata jinsi ya kupanga madhabahu.

Kigezo kikuu cha kuchagua kati ya vile vinne si urahisi wa lugha wala unene wa kitabu, bali ni swali moja: utatenda na nani? Wicca ya Gardner ilikuwa ya kundi dogo, ambalo kwa desturi halizidi watu 13, na mtu alikuwa mchawi kwa kuingizwa na aliyekwisha kuingizwa. Vitabu hivi vinne ni majibu manne tofauti kwa mtu ambaye hana kundi la kumpokea.

Cunningham ndiye aliyejibu kwa ukamilifu zaidi. Kitabu chake kinamwandikia mtu anayetenda peke yake tangu mstari wa kwanza, na kinamwambia bila kuzungukazunguka kwamba anaweza kujiweka wakfu mwenyewe pasipo kuhitaji ruhusa ya mtu. Kimegawanywa katika sehemu tatu: nadharia, mazoezi, na kitabu kamili cha matambiko alichokiita cha Standing Stones, ambacho msomaji anaweza kukitumia kama kilivyo, kuanzia kufungua duara, yaani eneo la mviringo la kufanyia ibada, hadi karamu ndogo ya kumalizia. Lugha yake ni nyepesi na ya upole, na haimtishi mtu. Udhaifu wake unatoka hapohapo penye nguvu yake: kwa kuwa kila kitu kinaruhusiwa kubadilishwa, msomaji mwenye kupenda kujua sababu ya jambo hubaki na njaa, na sehemu ya nadharia ni fupi kuliko inavyostahili. Cunningham alifariki mwaka 1993 akiwa na miaka 36 tu, na kitabu cha kuendeleza hiki, Living Wicca, kilitoka mwaka huohuo.

Buckland ni mwalimu wa darasa. Kitabu chake kikubwa chenye jalada la buluu, ambacho wasomaji wake wamekipa jina la utani kutokana na rangi hiyo, kina masomo 15, na kila somo linaishia na maswali ya mtihani ambayo majibu yake yako nyuma ya kitabu. Yeye mwenyewe aliingizwa katika mkondo wa Gardner huko Perth, Scotland, mwaka 1963 na ndiye aliyeupeleka Marekani. Lakini alikula kiapo cha kutoyatoa hadharani matambiko ya mkondo huo, hivyo yaliyomo kitabuni ni mengine. Mwaka 1973 alikuwa tayari ameanzisha mkondo wake, Seax-Wica, unaoruhusu mtu kujiingiza, na roho yake inaonekana katika kurasa hizi. Kinachomtofautisha na wenzake wote ni mikono. Anaeleza jinsi ya kutengeneza kisu, kuchonga alama kwenye mpini, kushona joho, kutengeneza fimbo, na anatoa alfabeti kadhaa za kuandikia maneno ya siri. Fundi atakipenda. Somo la historia, hata hivyo, lisomwe kwa tahadhari, na tahadhari hiyo iwahusu waandishi wengi wa kizazi hicho: idadi ya watu milioni 9 waliouawa Ulaya kwa tuhuma za uchawi, iliyozoeleka katika vitabu vya wakati huo, haina msingi, na makadirio ya wanahistoria wa leo ni kati ya watu 40,000 na 60,000.

Starhawk ana jibu la tatu. Hamwambii msomaji abaki peke yake wala hamwambii asubiri kupokelewa. Anamwambia aanzishe kundi na wenzake. The Spiral Dance kilitoka tarehe 31 Oktoba 1979, na kimejaa mazoezi yenye namba, mengi yakihitaji watu wawili au zaidi: kupumua pamoja, kuimba kwa kupokezana, kuinua nguvu ndani ya duara na kuishusha. Kilizaliwa San Francisco, mjini kwa wanaharakati, na siasa ya wanawake na ya mazingira haikai pembeni ya dini bali ndani yake. Asiyeipenda siasa hiyo atachoka mapema. Anayetaka kukinunua atafute toleo la mwaka 1999, kwa sababu mwandishi hakufuta alichokiandika zamani, bali ameongeza maelezo ya mwaka wa 10 na ya mwaka wa 20, akijikosoa sura kwa sura. Kwa mfano, katika toleo la kwanza aliamini sana kwamba nguvu hutokana na mvutano kati ya nguvu ya kike na ya kiume. Baadaye akasema wazi kwamba hawezi tena kulieleza jambo hilo hivyo. Ni nadra kuona mwandishi wa dini akibishana na nafsi yake mbele ya wasomaji namna hii, na kwangu mimi maelezo hayo yana thamani kama kitabu chenyewe.

Valiente ni kwa ajili ya wenye sikio la maneno. Aliingizwa na Gardner mwaka 1953, akagundua kwamba sehemu ya matambiko waliyoambiwa ni ya kale ilikuwa imechukuliwa kutoka kwa Aleister Crowley, mwandishi Mwingereza wa mambo ya uganga na siri, na Gardner alipomwambia aandike bora kama anaweza, akaandika. Maneno ya mungu wa kike yanayotumika katika makundi mengi hadi leo ni kazi ya kalamu yake. Katika Witchcraft for Tomorrow amekusanya katika sehemu ya kwanza maelezo kuhusu desturi za Uingereza, na katika sehemu ya mwisho kitabu kidogo cha matambiko kiitwacho Liber Umbrarum, chenye ibada ya kujiingiza. Hapa hakuna masomo yaliyopangwa wala maswali. Mtu anatarajiwa kuwa na subira ya kusoma na kurudia. Kwa anayejifunza peke yake bila kujua lolote, kingekuwa cha pili badala ya cha kwanza.

Wapo pia Janet na Stewart Farrar, ambao Eight Sabbats for Witches (1981) na The Witches' Way (1984) vinafaa kwa mwenye kundi tayari anayetaka kuona matambiko ya mikondo ya Gardner na Alex Sanders yakiwa yameandikwa kwa kirefu. Asiye na kundi atayasoma kama mtu anayesoma maelekezo ya ngoma isiyochezwa na mtu mmoja.

Kwa msomaji ambaye hana nia ya kutenda, mfano mwanafunzi wa masomo ya dini au mtu anayeishi Ulaya na kutaka kuelewa imani ya mwenzake kazini, hakuna hata kimoja kati ya hivyo vinne kinachopaswa kuwa cha kwanza. Achukue The Triumph of the Moon cha Ronald Hutton, profesa wa historia katika Chuo Kikuu cha Bristol, kilichochapwa mwaka 1999 na kutolewa upya mwaka 2019. Hutton anaonyesha, nyaraka kwa nyaraka, jinsi dini hii ilivyoundwa kutokana na mashairi ya karne ya 19, vyama vya siri, na shauku ya Waingereza kwa maisha ya mashambani, naye hafanyi hivyo kwa dharau. Kwa upande wa Marekani yupo Margot Adler, mwandishi wa habari aliyewahoji wapagani wa nchi nzima katika Drawing Down the Moon, kilichotoka siku ileile moja na kile cha Starhawk.

Kuna jambo moja linalowahusu hasa wasomaji walio karibu na ikweta, nalo linagusa vitabu vyote vinne. Mwaka wa Wicca una sikukuu 8, zilizopangwa kwa majira manne ya kaskazini mwa dunia: Samhain tarehe 31 Oktoba, Yule kwenye usiku mrefu wa Desemba, na kadhalika hadi mavuno ya Septemba. London, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote inakaribia saa 9, hivyo mtu akiambiwa kwamba jua linakufa mwezi wa Desemba anaona kwa macho yake. Nairobi tofauti hiyo ni ya dakika chache. Kilimo kinafuata masika na vuli, na pwani mwaka unagawanywa na pepo za kaskazi na kusi. Kuwasha moto wa kumkaribisha jua linalorudi, mjini Mombasa katikati ya joto la Desemba, ni igizo tu. Mtu wa huku akitaka kushika sehemu ya kalenda hii, ashike ya mwezi. Ibada ya mwezi mpevu imo katika vitabu vyote, na mwezi wa siku ya 14 unaonekana vilevile Lamu na Leeds. Kwa kigezo hiki Cunningham anafaa zaidi, kwa kuwa ibada yake ya mwezi ni fupi na haikufungwa kwenye hali ya hewa.

Kisu na fimbo

Vifaa vikuu ni vinne, navyo vinahusishwa na hewa, moto, maji na ardhi: kisu, fimbo, kikombe na kisahani chenye nyota ya pembe tano. Kikombe ni cha maji na kisahani ni cha ardhi. Hapo hapana ugomvi. Ugomvi uko kwenye viwili vya mwanzo. Kwa Starhawk, kisu ni cha hewa na hukaa mashariki, na fimbo ni ya moto na hukaa kusini. Ndivyo ilivyokuwa katika chama cha siri cha Golden Dawn kilichoanzishwa London mwaka 1888. Kwa Cunningham ni kinyume chake: kisu kinabadilisha vitu, basi ni cha moto, fimbo huita, basi ni ya hewa. Hoja zote mbili zina mantiki, wala hakuna mwamuzi wa kumwendea. Ila mtu akichanganya vitabu viwili bila kulijua hilo, madhabahu yake yatakuwa na kona mbili za moto na isiwepo ya hewa.

Kisu hicho huitwa athame. Kina makali pande mbili, mpini mweusi, na kwa kawaida hakikati chochote. Kwa kukata mitishamba au kuchonga mshumaa kuna kingine chenye mpini mweupe. Cha dukani ni cha haraka, lakini vingi vimepambwa kupita kiasi, bamba la chuma ni jembamba, na mpini ni wa plastiki iliyogundishwa kwa gundi. Kwa aliye Afrika Mashariki, mhunzi wa sokoni atamfulia bamba zuri zaidi kwa bei ndogo, akimwonyesha mchoro na kumwomba asilitie makali, na mpini wa mpingo haudai rangi kwa kuwa moyo wa mti huo ni mweusi wenyewe. Mpingo ni mgumu na huvunja keekee nyembamba, kwa hiyo tundu la mkia wa kisu litobolewe polepole, kwanza kwa keekee ndogo kisha kubwa. Anayetaka kusafiri nao nje ya nchi ajue kwamba jamii nzima ya miti hiyo iko chini ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo aulizie masharti kabla ya kufika uwanja wa ndege.

Sheria nazo zinastahili kuingia katika uamuzi. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1988, ni kosa kuwa na kitu chenye ncha au makali mahali pa umma, isipokuwa kisu cha mfukoni cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3. Sababu za kidini zimetajwa kuwa utetezi, lakini anayezitaja ndiye anayebeba mzigo wa kuzithibitisha. Kwa hiyo anayekutana na wenzake bustanini afadhali achukue fimbo na aache kisu nyumbani. Kwetu hali ni nzito zaidi na kwa sababu nyingine kabisa. Sheria ya Uchawi ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 1928, inahusu pia kumiliki kifaa cha uchawi, na maana yake ya kifaa inafika hadi kile ambacho watu wanaamini kwa jumla kwamba kina nguvu hizo. Kenya ina sheria yake ya mwaka 1925. Juu ya sheria kuna jamii: katika sehemu za Usukuma vikongwe wameuawa kwa sababu tu ya kuwa na macho mekundu. Mtu anayerudi likizo kwao na athame na fuvu la plastiki ndani ya begi hajioneshi kama mfuasi wa dini ya Kiingereza. Anajiweka, pamoja na bibi yake mzaa baba anayeishi nyumba hiyo, mahali pabaya. Daftari na mshumaa vinatosha kwa safari.

Fimbo ni kifaa cha kutengeneza, si cha kununua. Vitabu vinasema iwe na urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, yaani dhiraa moja, na vinataja mierebi, mialoni na mitofaa. Hiyo ni miti ya kwao. Tawi la mpera lililonyooka, lile ambalo watoto hulitafutia manati, ni gumu, halina nyuzi za kuchoma mikono na hulainika vizuri kwa msasa. Likatwe bichi, likaushwe kivulini kwa wiki kadhaa huku gome likiwa limebaki ili lisipasuke, kisha ndipo limenywe na kupakwa mafuta. Fimbo za dukani zenye jiwe la fuwele kwenye ncha, zilizozungushiwa waya wa shaba, mara nyingi hulegea gundi kabla ya mwaka kwisha.

Kikombe nisikawie nacho. Kiwe cha kioo au cha udongo uliopakwa ving'arisho. Vya shaba nyeupe na nyekundu visitiwe divai wala maji ya ndimu, kwa kuwa asidi hula madini na kuyaingiza kwenye kinywaji.

Mishumaa na ubani

Hapa tena kitabu ndicho kinachoamua. Buckland anatumia sana rangi, na tangu mwaka 1970 alikuwa ameshatoa kitabu kizima kuhusu matambiko ya mishumaa. Anayemfuata atahitaji nta ya parafini, kwa sababu ni nyeupe na hupokea rangi yoyote ikabaki safi. Nta ya nyuki ni ya manjano tangu mwanzo, na ukiitia buluu unapata kijani cha tope. Anayemfuata Valiente au Cunningham kwa moyo wa usahili, asiyehitaji zaidi ya mishumaa miwili ya madhabahu, ataridhika zaidi na nta ya nyuki: inanukia asali na haitoki kwenye mafuta ya petroli. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazojulikana kwa nta hiyo, hasa kutoka misitu ya miyombo ya Tabora.

Kuitengeneza si kazi ya siku nzima. Nta huwekwa katika kopo refu, refu kama mshumaa unaoutaka, na kopo husimamishwa ndani ya sufuria ya maji yanayochemka taratibu. Isiwekwe kamwe moja kwa moja juu ya moto, kwa kuwa mvuke wake hushika. Huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi. Utambi wa pamba hufungwa nati ndogo mwishoni ili uning'inie wima, huchovywa mara moja, hutolewa, huachwa upoe hadi usishike kidole, kisha huchovywa tena. Mtu mwenye haraka huuacha utambi ndani ya nta kwa muda mrefu akidhani utanenepa upesi, kumbe tabaka la mwanzo linayeyuka na kurudi koponi. Kuchovya ni kwa kasi, kusubiri ni kwa utulivu, na baada ya mara 20 hadi 30 mshumaa unafikia unene wa kidole. Nta ya nyuki ni nzito ikiyeyuka, hivyo inataka utambi mnene kuliko wa parafini wa kipimo kilekile. Utambi mwembamba hujizamisha na kuzimika.

Kuhusu vya kufukiza, msomaji wa pwani ana kila anachohitaji nyumbani. Vifurushi vinavyouzwa Ulaya huwa na chetezo kidogo cha shaba, vidonge vya makaa vinavyoshika upesi na kikopo cha ubani chenye bei ya kuchekesha. Ubani huo ni uleule wa Dhofar na wa Somalia ambao umekuwa ukifukizwa katika nyumba za Zanzibar na Mombasa kwa karne nyingi. Makaa ya vidonge yametiwa chumvi ya shura ili yawake haraka, na harufu yake huharibu ubani wa dakika za mwanzo. Makaa ya kawaida yakiachwa hadi yawe na jivu la kijivu juu yake hutoa moshi safi zaidi. Chumba kiwe na dirisha wazi, kwa kuwa makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Mawili ya kuepuka ni majani ya seji nyeupe, ambayo hukua porini kusini mwa California na kaskazini magharibi mwa Meksiko na huvunwa kupita kiasi, na msandali wa Afrika Mashariki, uliovunwa kwa magendo hadi mizizi yake kung'olewa.

Karata za taroti

Si sehemu ya lazima ya Wicca, lakini karibu kila anayeanza huziulizia. Zilianza kama karata za mchezo kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, na matumizi ya kupigia ramli yalienea kutoka Ufaransa katika karne ya 18. Za kuchagua ni aina tatu. Za Rider, zilizopewa jina la mchapishaji wake, zilitoka London mwaka 1909, zikiwa zimebuniwa na Arthur Edward Waite na kuchorwa na Pamela Colman Smith, aliyeishi sehemu ya utoto wake Jamaika na ambaye kwenye barua ya mwaka huohuo alisema kazi ilikuwa kubwa na malipo madogo sana. Karibu kila moja ya karata 78 ina picha ya watu au ya tukio fulani, hata zile ndogo za namba, na kwa sababu hiyo anayeanza anaweza kusoma picha kabla ya kukariri maana. Za Thoth zilichorwa na Lady Frieda Harris kwa maelekezo ya Crowley kati ya mwaka 1938 na 1943, lakini zilichapwa kama karata mwaka 1969, wote wawili wakiwa wamekwisha kufa. Ni nzuri mno, na hazimsaidii mtu asiyejua unajimu na Kabala, yaani elimu ya siri ya Kiyahudi. Za Marseille ndizo za zamani kuliko hizo. Karata zake za namba ni vikombe vitano au panga saba tu bila picha, kama karata za kawaida za kuchezea.

Ningemshauri anayeanza achukue za Rider, isipokuwa kwa sharti moja linalorudi kwenye ule mgogoro wa kisu na fimbo. Waite, Smith na Crowley wote walipitia Golden Dawn, kwa hiyo katika karata zao panga ni hewa na fimbo ni moto, sawasawa na Starhawk. Msomaji wa Starhawk hatapata taabu yoyote. Msomaji wa Cunningham ana njia mbili: achukue za Marseille, ambazo hazina mfumo huo ndani yake, ingawa zitamgharimu muda mwingi zaidi wa kujifunza, au abaki na za Rider na aandike katika ukurasa wa kwanza wa daftari lake ni mpangilio upi anaotumia madhabahuni na upi kwenye karata. Daftari lenyewe, ambalo wenyewe hulifanya kitabu cha siri cha kunakili matambiko kwa mkono, maduka huliuza likiwa na jalada la ngozi na kufuli. Faili la pete la mwanafunzi linafaa kuliko hilo, kwa kuwa mtu atakayebadilisha maoni yake kuhusu kisu baada ya miezi sita ataweza kuchomoa ukurasa na kuweka mwingine.